Mfalme wa Tulia

Watu wa soko la Tulia walikuwa na utani wao juu ya Kiilu, fundi wa nguo: kwamba jina la mahali lilimpita kando ya sikio. Tulia palikuwa kwao, lakini kutulia hakukujua. Akishona, goti lake moja lilicheza hata pedali ya cherehani iliposimama. Akila, aliinuka katikati ya mlo kwenda mlangoni kutazama kitu ambacho hakikuwepo. Akisali, alifumbua jicho kabla ya amina. Mkewe Mutindi alikuwa akisema kwamba yeye hakuolewa na mwanamume, aliolewa na jogoo aliyekanyaga majivu ya moto.

Walimvumilia mwaka mzima kwa sababu ya Krismasi.

Kanisa lao, lililokuwa juu kidogo ya soko, lilikuwa na desturi ya kuonyesha igizo la kuzaliwa kwa Bwana kila mwaka baada ya ibada. Hapo zamani yule mfalme mwovu anayetaka kuwaua watoto alichezwa na seremala mmoja mpole, ambaye aliagiza mauaji kwa sauti ya mtu anayeomba maji ya kunywa. Mwaka 1969 seremala akahamia Mwingi, na Mwalimu Kisilu, aliyefundisha kwaya na kuongoza igizo, akamchukua Kiilu kwa sababu moja tu: alikuwa na sauti. Kiilu akajishonea joho kwa kitambaa chekundu cha pazia, akakata taji kutoka kwa mkebe wa mafuta ya kupikia, akaingia. Tangu siku hiyo kule kutotulia kwake kukapata kazi ya kufanya. Mfalme alizunguka kiti chake cha enzi kama fisi anayezunguka boma. Alikaa, akainuka, akakaa tena. Watoto walijificha ndani ya kanga za mama zao, na bado walichungulia. Watu wakaanza kuja kutoka Kabati, kutoka Mutonguni, hata watu wasiosali.

Na kulikuwa na jambo jingine. Mfalme wa Kiilu alizungumza Kikamba alipokuwa akiwaza au akiogopa. Alipotoa amri, aligeuka akasema Kiswahili. Hakuna aliyemfundisha hilo. Lilimjia lenyewe, maana tangu utotoni kila amri aliyoisikia, lipa kodi, chimba mtaro, punguza ng'ombe, ilitoka kwa Kiswahili katika kinywa cha mtu mwenye kofia. Watazamaji hawakuhitaji kuelezwa. Mfalme alipobadili lugha, migongo yao ilinyooka yenyewe.

Kwa miaka karibu ishirini mambo yalikwenda hivyo, hakuna aliyekwazika.

Kisha ukaja mwaka 1988. Mapema mwaka huo wagombea waliteuliwa kwa kupanga mstari. Hapakuwa na karatasi wala sanduku. Wakala wa kila mgombea alishika picha, na wenye kumtaka mgombea huyo wakasimama nyuma yake mchana kweupe, jirani akimtazama jirani. Kwa kiti cha udiwani walikuwa wawili. Ndululu, diwani aliyekuwepo, alikuwa mtu mnene mwenye kicheko cha karibu. Mwenzake alikuwa Musyoka, mwalimu mkuu aliyestaafu, mkavu kama kijiti cha kuni.

Mstari wa Musyoka ulianza kwenye mlingoti wa goli la uwanja wa shule, ukapita vyoo, ukatoka langoni, ukapinda na barabara. Mstari wa Ndululu haukuufikia mlingoti wa bendera.

Kiilu alikuwa ndani ya ule mfupi. Sare za shule tatu zilishonwa dukani kwake kwa neno la Ndululu. Halafu kuta za kanisa jipya zilikuwa zimekwisha kupanda, na Ndululu alikuwa ameahidi mabati ya paa. Kwa hiyo Kiilu alisimama pale, goti likicheza, akitazama visogo vya watu wachache mbele yake. Kwa pembe ya jicho alimwona Mutindi katika mstari mrefu, kitambaa chake cha kijani kichwani, akiwa ameangalia mbele kana kwamba hakuwahi kumjua.

Karani alihesabu kwa kunyoosha kidole, akaandika, akanong'onezana na wakubwa. Kisha akatangaza kwamba mshindi ni Ndululu.

Watu hawakupiga kelele. Hilo ndilo Kiilu alilolikumbuka baadaye, ule ukimya wa watu wengi vile, halafu sauti ya nyayo zao wakitawanyika. Yeye na Mutindi walirudi nyumbani kwa njia moja, yeye mbele, mke nyuma. Walipofika Mutindi akawasha moto na kuuliza kama atakunywa uji. Hawakulizungumza jambo hilo siku hiyo wala mwezi huo. Lakini Kiilu akaanza kushona vibaya. Aliipachika kola ya shati la mtoto wa shule ndani nje, akaifumua, akaipachika ndani nje tena.

Desemba ilipofika, Mwalimu Kisilu aliwaita wachezaji kwa mazoezi. Mwaka huo, alisema, igizo lingefanyiwa ndani ya kuta za kanisa jipya, paa likiwa ni mbingu, na mgeni wa heshima angekuwa Diwani Ndululu, ambaye angekabidhi mabati siku hiyo hiyo. Akamgeukia Kiilu.

"Na wewe, ndugu, sema yaliyoandikwa. Najua unapenda kuongeza chumvi."

"Chumvi yangu ndiyo inawaleta watu, Mwalimu."

"Watu waletwe na Neno. Chumvi kidogo tu."

Kiilu akakubali, na kwa moyo safi. Hakuwa amepanga chochote. Jambo hilo alilirudia baadaye kwa kila aliyemuuliza, na ndilo jambo ambalo hakuna aliyemwamini.

Siku ya Krismasi jua lilikuwa kali na kuta mpya zilinuka saruji. Ndululu aliketi mbele katika kiti cha sofa kilichobebwa kutoka nyumbani kwa mtu. Nje, chini ya mti, pikapu yake ilikuwa imesimama na mabati yakimetameta, na mzee mmoja amewekwa kuyalinda dhidi ya watoto waliotaka kuyagonga wasikie mlio.

Mwaka huo kila mzazi alikuwa amemwomba Kisilu mtoto wake apate nafasi, na Kisilu hakuwa na nguvu za kumkatalia mtu wakati wa Krismasi. Malaika walizidi, kondoo wakazidi, wachungaji wakawa wengi. Ili wote waonekane aliwapanga nyuma ya hori, mmoja nyuma ya mwingine, na msururu ule ukaenda hadi mlangoni na kutokeza nje. Upande wa pili, nyuma ya kiti cha mfalme, walitakiwa kusimama askari wengi, lakini baadhi yao walikuwa wameitwa kwenda kubeba sufuria za wageni. Wakabaki wawili.

Kiilu aliingia. Alizunguka kiti. Alisema kwa Kikamba kwamba amesikia fununu za mfalme mwingine na tumbo lake limekuwa baridi. Watu walikuwa mkononi mwake tayari. Kisha akageuka kuwatazama adui zake, kama alivyogeuka kila mwaka, na akaona.

Upande ule msururu mrefu, hadi nje. Upande wake, watu wawili.

Aliyakaza macho pale kwa muda uliozidi kidogo. Mtu mmoja miongoni mwa watazamaji akakohoa. Mwingine akakohoa. Kiilu akahisi kifuani mwake kitu kinapanda kama maziwa jikoni, na kabla hajakipulizia, kinywa chake kilikuwa kimegeukia Kiswahili.

"Karani!"

Karani wa mfalme alikuwa Ndolo, fundi wa viatu, mtu wa haya, ambaye katika igizo zima alikuwa na sentensi moja na alikuwa ameshaisema. Alishtuka, akasogea.

"Hesabu hawa watu."

Ndolo alitazama huku na huku akimtafuta Kisilu. Akanyoosha kidole, akaanza kuhesabu kondoo na malaika. "Mfalme," alisema mwishowe, "ule mstari wao ni mrefu."

"Mrefu upi?" Kiilu aliuliza kwa upole wa kutisha. Alitembea hadi kwa askari wake wawili, akampima mmoja kwa futi ya kushonea iliyokuwa shingoni, ambayo alikuwa amesahau kuivua, akampima wa pili. "Mimi naona huu wetu ndio mrefu. Andika!"

Kicheko hakikuanza mahali pamoja. Kililipuka kote kwa mara moja. Wanawake walishikana mabega. Mzee mmoja alianguka kutoka kwenye benchi akabaki chini akicheka huko huko. Ndululu mwenyewe alicheka, kicheko chake kile cha karibu, akawatazama wa kulia na wa kushoto acheke nao, kisha akaona kwamba wote wanamtazama yeye. Uso wake ukafungika.

Hapo ndipo Kiilu angeweza kunyamaza. Lakini alikuwa akikisikia kile kicheko kama mtu wa nchi kavu anavyosikia mvua, na mtu wa nchi kavu haendi kujikinga. Akapanda juu ya kiti cha enzi, taji likaelekea sikioni, akasema:

"Anayebisha, alete kichwa chake tukihesabu peke yake!"

"Nĩ w'o!" sauti ya mwanamke ikalia kutoka nyuma. Ndivyo ilivyo kweli! Na wengine wakaitikia.

Ndululu aliinuka, akarekebisha koti, akatoka bila kuaga. Injini ya pikapu ilisikika kabla igizo halijafika kwa mamajusi. Watoto waliikimbiza hadi barabarani wakishangilia mlio wa mabati, bila kujua kilichokuwa kikiondoka.

Chakula kililiwa siku hiyo na watu wa aina mbili. Waliompiga Kiilu mgongoni wakimwita Mfalme, na waliopita mbele yake wakitazama kuta zisizo na paa. Yeye alikula akiwa amesimama.

Jumapili iliyofuata wazee wa kanisa walimweka katikati. Mchungaji hakusema mengi. Alikuwa mtu mgeni pale, na macho yake yalikuwa mekundu. Aliyesema ni Kisilu.

"Watu walikuja kumwona mtoto Yesu. Wamerudi makwao wakimzungumzia Ndululu. Hiyo ni kazi gani umeifanya, ndugu Kiilu?"

"Sikumtaja Ndululu. Mfalme ndiye aliyesema."

"Yule mfalme alikuwa na karani wa kura?"

Wengine wakacheka kidogo, wakajizuia. Mzee mwanamke aitwaye Kaluki, aliyekuwa amesalia peke yake wa wale wa kwanza kubatizwa, aliinua fimbo yake. "Manabii waliwaambia wafalme makosa yao. Hata mbele ya wageni wao. Sasa mbona tunamkemea huyu?"

"Mama," Kisilu akajibu kwa heshima, "nabii alisema akiwa nabii. Alisimama kwa jina lake, na kichwa chake kikiwa pale pa kukatwa. Huyu amesema akiwa amejificha ndani ya pazia. Watu wamekaa wamefungwa na igizo, hawawezi kumjibu wala kumuuliza. Waliomchagua Ndululu nao wamo humu. Nao walikuja kuabudu." Akamalizia taratibu bila kumtazama Kiilu. "Wengine wako karibu sana."

Kiilu alihisi masikio yakiwaka. Kila mtu mle ndani alikuwa amemwona, mwezi ule wa uteuzi, mahali aliposimama.

Wakaamua kwamba asipoomba radhi mbele ya kanisa, asicheze tena. Alisema atafikiri. Nyumbani Mutindi alimtengea chakula, akakaa mkabala naye.

"Baba Syokau, nikuulize. Ulisema vile kwa sababu ni kweli, au kwa sababu walicheka?"

Kiilu aliinuka. Akaenda mlangoni kutazama nje.

Januari ile hakuwa na raha. Kwanza alikuja Musyoka, na suruali ya kupunguzwa pindo ambayo haikuhitaji kupunguzwa. Aliketi kwenye kibao cha wateja, mikono juu ya magoti.

"Fundi, umeyasema ambayo sisi wengine tulishindwa. Kuna watu wanakutana nyumbani kwangu, marafiki tu. Njoo na lile joho lako. Uwachekeshe, halafu mimi niongee nao."

"Mwalimu, mimi ni mtu wa igizo la kanisa."

"Kanisa limekufukuza."

"Bado."

Musyoka alisogea karibu. "Nilikuona siku ile, unajua. Karibu na bendera. Sikuudhika. Mtu ana watoto. Lakini sasa umeshavuka upande wetu, na mto ukishavukwa hakuna haja ya kusimama ukingoni na nguo zimelowa."

Siku chache baadaye ikaja taarifa kutoka kwa Ndululu. Kiilu alitegemea askari wa chifu. Badala yake alikuja mfanyakazi wa diwani, mwenye adabu nyingi, na ujumbe wa maneno. Diwani hana kinyongo. Diwani anatambua kipaji. Mwezi wa nne kutakuwa na mkutano mkubwa wa wananchi pale sokoni. Kiilu aje amcheze mfalme mwema, anayeletea watu wake maji na barabara, awafanye watu wawacheke adui zake mfalme. Jioni ya siku hiyo mabati yatashushwa kanisani. Na sare za shule zitabaki pale zilipo.

Basi wawili walikuwa wanakitaka kinywa kimoja, na mwenye kinywa hakuwa na hakika kama ni chake. Alitembea kutoka dukani hadi nyumbani na kurudi bila kazi yoyote. Watu wakipita walimwita, "Mfalme! Hesabu!" na yeye akajikuta anajibu kwa ile sauti, "Andika!" kisha anajichukia hadi kwenye kona. Siku moja alifunga duka, akamwambia Mutindi kwamba anakwenda kwa binamu yake huko Makindu kutafuta kazi ya msimu.

"Unakwenda kutafuta kazi au unakimbia?" Mutindi aliuliza.

"Sijui. Nikifika nitajua."

Makindu kulikuwa na reli, barabara kuu ya Mombasa, vumbi na malori. Binamu yake alimtafutia nafasi kwenye baraza la duka la Tima, mama wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka pwani zamani, naye alimpa cherehani ya kukodi na kona yenye kivuli. Mchana, Kiilu aliungana na wasafiri kwenda kula kwenye hekalu la Makalasinga, Wahindi wenye vilemba, ambako dengu na chapati zilitolewa kwa kila aliyefunika kichwa na kukaa chini. Alipenda pale. Hakuna aliyemuuliza alisimama mstari gani. Kwa wiki za kwanza hata goti lake lilipungua kucheza.

Halafu dereva mmoja wa lori, mtu wa Kitui, aliegesha mbele ya duka kununua sigara, akamwona.

"Aii! Huyu si Mfalme? Wewe ndiye ulimpima askari na futi!" Akageuka, akawaita wenzake waliokuwa wakinywa chai. "Kujeni mwone mtu! Hebu fanya, mzee. Fanya ile ya karani."

Kiilu alikataa. Wakamsihi. Tima alisimama mlangoni na kitambaa chake begani, akitabasamu kwa udadisi. Wakamsihi tena, na ile hali ya zamani ikapanda kifuani. Akainuka. Akamwita karani, akapima hewa kwa futi, akasema, "Andika!"

Walicheka. Walicheka sana, wakapigana makofi mgongoni, mmoja akamtupia sigara kama zawadi, wakarudi kwenye chai yao na kuanza kubishana juu ya bei ya matairi.

Kiilu alibaki na futi mkononi. Maneno yalikuwa yale yale. Hata aliyasema vizuri zaidi. Lakini pale barabarani hayakumgharimu mtu yeyote kitu chochote, si yeye, si wao. Hakuna aliyekuwa na paa. Hakuna aliyeinuka kutoka kwenye sofa. Yalilia kama mkebe uliopigwa teke.

"Ni hadithi ya nani hiyo?" Tima akamuuliza.

"Ya kwetu, mama. Ilitokea."

"Na wewe ulikuwa nani?"

"Mfalme."

"La, nauliza ilipotokea kweli. Ulikuwa nani?"

Kiilu alikunja futi polepole, akaifunua, akaikunja tena. Asubuhi iliyofuata alirudisha cherehani na kupanda basi.

Hakupitia nyumbani. Kutoka stendi ya Kitui alichukua gari la Tulia, akashukia njiani, akatembea hadi kwa Ndululu. Diwani alikuwa uani, fulana tu mwilini, akimwangalia mtu akimkamua ng'ombe. Alifurahi kumwona. Aliagiza kiti. Kiilu hakukaa.

"Umekuja kwa ajili ya ule mkutano," Ndululu alisema. "Vizuri. Joho lako bado zuri au nikununulie kitambaa kingine?"

"Diwani, sitakuja kucheza."

"Sasa kwa nini? Sijakukosea. Wewe ni mtu wangu. Ulisimama kwangu."

Kiilu hakuwa na taji, hakuwa na kiti cha kuzunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, sauti ya mtu anayemuuliza mteja vifungo vingapi.

"Nilisimama kwako. Ndiyo maana najua tulikuwa wafupi kiasi gani."

Mkamuaji aliacha kukamua. Ndululu alimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

"Nani amekutuma? Musyoka?"

"Kwake pia sitakwenda."

"Basi wewe ni wa nani?"

"Mimi ni fundi wa nguo," Kiilu alisema. Akamshukuru kwa sare za miaka iliyopita, maana zilikuwa zimewasomesha watoto wake, akatoka. Hapakuwa na mtu wa kucheka. Kabla hajafika barabarani aliketi juu ya jiwe, akapumzika.

Mambo yalikuja kama yalivyotarajiwa. Sare zikaenda kwa fundi wa Kabati. Mabati hayakurudi. Kanisani Kiilu alisimama, akaomba radhi kwa kuwakosesha paa, na hakuomba radhi kwa neno lolote jingine. Wazee wakatazamana, wakaona radhi hiyo ni nusu, wakampa mtu mwingine ufalme. Mutindi na wanawake wenzake wa mwethya, kikundi chao cha kusaidiana kazi, walichanga nguvu, wakafyatua matofali ya kuuza, na paa likapanda kipande kwa kipande; mvua ya misimu kadhaa ikawakuta wakiimba chini ya miavuli. Kwa muda mrefu kulikuwa na watu ambao, tone likiwaangukia katikati ya wimbo, waligeuka kumtazama Kiilu. Yale aliyosema uani kwa Ndululu hakumsimulia mtu ila mkewe. Mutindi alisikiliza hadi mwisho, akamwambia avue viatu vilivyojaa matope, akaenda kumchemshia maji ya kuoga. Kiilu alielewa kwamba hilo ndilo jibu la mkewe.

Mfalme mpya alikuwa mwalimu wa sekondari aliyejua kila mstari. Watu walimsikiliza kwa adabu. Lakini kulikuwa na jambo ambalo Kisilu hakulitegemea. Mwalimu yule akisema tu, "Nimesikia kuna mwingine," bila kuongeza hata punje ya chumvi, watazamaji walikohoa. Akiwaita waandishi wake, walicheka. Walikuwa wameshajifunza kusikia.

Mwaka 1992, vyama vingi viliporudi na uchaguzi ukapangwa siku chache tu baada ya Krismasi, wazee, walipoona kwamba vicheko havikuondoka pamoja naye, walimrudishia Kiilu joho lake. Walimwekea sharti la kushika maneno yaliyoandikwa, naye akaweka lake, kwamba pasiwe na kiti cha mgeni wa heshima. Wagombea wa vyama vyote walikuja, wakakaa kwenye mabenchi na watu. Hakuongeza neno. Alizunguka kiti, akasema yake, akatoa amri zake kwa Kiswahili. Walicheka mahali ambapo hakutaka wacheke, na mahali pengine walinyamaza hadi akaogopa.

Juma lile Kisilu alifika dukani na suruali mkononi.

"Hukuongeza kitu," alikiri. "Lakini uliwatazama. Nilikuona. Ulipotoa amri uliwatazama wale wagombea, mmoja mmoja."

"Mfalme asitazame watu?"

"Unajua ninachosema, Kiilu. Jukwaa ni la watu wote. Aliyekuja na huzuni yake, aliyekuja na chama chake, wote wamekuazima masikio yao. Si yako ya kuyajaza unachotaka."

"Na wao wakiwa wameyaleta yakiwa yamejaa tayari? Niyafanyeje, Mwalimu? Niyamwage?"

"Uyaache!"

"Siwezi kucheza mtu mbaya mbele ya watu wanaowajua watu wabaya, halafu niwaambie wasifananishe."

"Basi cheza mchungaji wa kondoo!"

Kiilu alicheka, akainuka, akaketi. Kisilu hakucheka. Alisema kwamba mwakani ataandika igizo lisilo na mfalme kabisa, na Kiilu akamwambia aandike, aone kama watu wa Kabati watakuja. Walipandishiana sauti hadi Ndolo akatoka kwenye banda lake la viatu kusikiliza. Mwishowe Kisilu aliinyakua suruali yake, haijapimwa wala kukatwa, akaikunja kwapani na kuondoka kwa hasira akivuka soko, huku Kiilu amesimama mlangoni akimpigia kelele kwamba arudi, bado hajamaliza kumjibu.